Muhogo wa Mpakani

Joram Musembi alikuwa na msemo wake, alioutunga mwenyewe na kuupenda kuliko misemo yote ya wahenga: kisichopita mkononi hakikai kichwani. Aliusema darasani, akausema mbele ya wazazi, na siku mkaguzi wa shule alipokuja kutoka Malindi mjini akausema mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa zaidi, maana mkaguzi alikuwa ameshika kalamu.

Na haki ya kuusema alikuwa nayo. Kusoma kwake kulikuwa kwa viraka. Darasa la kwanza na la pili kwao Kitui, halafu kuchunga ng'ombe wa mjomba. Darasa la tatu miaka mitatu baadaye, magoti yakigonga dawati. Kisha akateremka pwani kukata mkonge, akawa utingo wa lori, akafanya misimu minne kwenye mashamba ya chumvi upande wa Ngomeni, chumvi ikimla nyayo mpaka akawa anatembea kama anayekanyaga makaa. Mtihani wa darasa la saba aliufanya akiwa na ndevu, katikati ya watoto waliokuwa wakimwita baba. Kwa ufupi, kila alichokijua alikuwa amekilipia kwa ngozi yake. Hatimaye akaajiriwa ualimu bila cheti cha ualimu, mahali panapoitwa Kwa Kitsao, bara ya Malindi, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka barabara ya lami. Walimu wenye vyeti walikuwa wakifika huko Jumatatu, Ijumaa wanaomba uhamisho.

Watoto walimpenda. Eneo la mstatili hakuwachorea ubaoni. Aliwachukua kiwanjani wakachimba kidimbwi kama cha kuvunia chumvi, wakakipima kwa hatua, wakakigawa, wakaambiwa msimamizi amewaibia hatua mbili, watafute zilipoibwa. Uzani aliufundisha kwa matita ya kuni. Jiografia aliifundisha kwa barabara alizozipita akiwa juu ya magunia. Mkaguzi alikaa nyuma ya darasa saa nzima, akatoka anatabasamu, akamwambia mwalimu mkuu, Bwana Mwambire, "Huyu mtu hana cheti lakini ni mwalimu. Nitampendekeza aende chuoni." Musembi alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka sita.

Mwaka uliofuata, elfu moja mia tisa themanini na tano, mambo ya elimu yakageuzwa nchi nzima. Kukawa na darasa la nane, na Kilimo kikawa somo la mtihani. Vikaletwa vitabu vipya sita vya Kilimo, kwa Kiingereza, vimefungwa karatasi ya kaki. Musembi akavitia kabatini na karatasi yake.

"Hutavifungua?" Mwambire akamuuliza.

"Mwalimu mkuu, mimi nimezaliwa ndani ya kilimo. Huyo aliyeandika kitabu amewahi kushika jembe?"

Mwambire akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka pale ambapo angepaswa kusema.

Sasa, mwaka huo ulianza na njaa. Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimekataa kabisa. Watu walikuwa wakila mahindi ya manjano ya msaada, nayo yakifika leo, wiki mbili hayaonekani. Watoto walikuja shule na matumbo matupu, wakikaa kimya, na mtoto anayekaa kimya sana si wa kumsifu, ni wa kumwogopa. Shamba la shule lilikuwa vumbi. Lakini mtaala ulisema darasa la nane lijifunze mazao ya mizizi, na Musembi hakuwa mtu wa kufundisha mzizi kwa chaki.

Jirani na shule palikuwa na shamba la bibi mmoja mjane, jina lake Mbeyu, kichwa chote mvi. Aliishi na mjukuu wake, Kadzo, msichana wa miaka kumi na minne, mwanafunzi wa Musembi. Shamba la Mbeyu ndilo pekee lililokuwa bado na majani. Musembi akaenda kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Za huko shuleni?"

"Njema. Nina ombi. Nataka watoto wajifunze muhogo, kuung'oa, kuumenya, na kupanda vile vijiti vyake. Shamba letu limekufa."

Mbeyu akacheka mpaka akashika ubavu. "Watoto wa Kigiriama wafunzwe muhogo na Mkamba! Kweli dunia inaisha."

"Ni serikali, mama."

"Aa, kama ni serikali sawa. Ng'oeni ule mstari wa mpakani, kando ya njia ya shule. Wa ndani niachieni, ndio tumbo langu na la mjukuu wangu."

Musembi akashukuru, akaondoka. Hakuna aliyeongeza neno, na hilo neno lisiloongezwa ndilo lililokuja kuua mtu. Mbeyu hakusema kwamba muhogo wa mpakani ni mchungu, kwa kuwa Kwa Kitsao nzima hapakuwa na asiyejua. Muhogo mchungu hupandwa mpakani ili nguruwe mwitu akija aonje hapo, akate tamaa, arudi zake. Na mwizi vilevile. Ukitaka kuula, waumenya, waukatakata, wauloweka, wauanika siku kadhaa mpaka ukauke kama chaki, ndipo wautwanga unga. Kumweleza mtu mzima habari hiyo ni kama kumweleza kuwa moto unaunguza. Naye Musembi hakuuliza, kwa kuwa katika maisha yake muhogo ulikuwa muhogo tu. Kwao, ukichunga ng'ombe na njaa ikakushika, wang'oa, wapangusa mchanga kwa paja, waumenya kwa meno, watafuna unaendelea na safari.

Siku ya somo ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Darasa la nane lilikuwa na wanafunzi ishirini na sita. Waling'oa mihogo minane, minene kuliko walivyotazamia kwa mwaka ule, na kuiona tu kuliwachangamsha. Musembi akasimama katikati yao na kisu.

"Kitabu kingewaambia muhogo una wanga," akasema. "Mimi nawaambia wanga ni nini. Ni kile kinachokuacha usimame mpaka jua lizame. Mimi nilisimama nao. Leo kila mtu atauonja, mbichi, kama nilivyouonja mimi nikiwa mdogo kuliko ninyi. Ulimi nao ni mwalimu."

Kadzo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huu hauliwi mbichi. Hawe hutukataza."

"Hawe ndiye nani?"

"Bibi yangu. Huu ni wa mpakani, mwalimu."

Laiti angemkatiza kwa ukali, labda wengine wangeshtuka. Lakini alikuwa amechangamka, na alipochangamka alipenda utani.

"Kadzo, una miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Mimi nimekula muhogo mbichi miaka thelathini. Haya, darasa, kati ya mimi na Kadzo nani anaujua muhogo?"

"Wewe, mwalimu!" Wakacheka wote. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki ile. Kadzo akashusha mkono, akatazama vidole vya miguu yake.

Musembi akamenya, akakata kipande, akatia kinywani mbele ya macho hamsini na mawili.

Ulikuwa mchungu. Uchungu ulimshika ulimi kama kwinini, ukapanda mpaka nyuma ya pua. Na hapo ndipo kila kitu kilipoamuliwa, hapo, si baadaye. Alichotakiwa ni kutema tu. Kutema na kusema, "Lo, Kadzo kanishinda," wangecheka tena, na somo lingekuwa zuri kuliko alivyolipanga. Alitafuna. Akawatazama. Akameza.

"Kuna kauchungu kadogo," akasema. "Ni ka ganda. Menyeni vizuri."

Wengi waliuma kwa ncha ya meno, wakatema nyuma ya mgongo wake wakikunja nyuso, maana wao walijua, na hofu ya mwalimu iliwafikisha kwenye kuuma lakini si kwenye kumeza. Wachache walimeza kidogo. Ila palikuwa na Sidi, binti Katana, msichana mpole anayekaa karibu na dirisha, ambaye tangu juzi alikuwa hajatia kitu tumboni isipokuwa uji mwepesi. Sidi alikula kipande chake chote. Kisha akaja mbele taratibu.

"Mwalimu, naweza kuongezwa?"

Musembi alifurahi. Akamkatia mwenyewe, kipande kikubwa.

Saa sita Sidi akasema kichwa kinamgonga. Saa sita na nusu alitapika, kisha akawa anatembea kama mlevi. Na wengine watatu walitapika, lakini hao walinywa maji, wakalala kivulini, wakapata nafuu. Sidi walimfunga kwa kanga kwenye baiskeli ya Mwambire, Musembi akisukuma na Mwambire akimshika, mpaka zahanati, maili nne. Walipofika mwili wake ulikuwa umekwisha kuwa baridi. Daktari wa zahanati aliinua kope zake, akaziachia.

"Amekula nini?"

"Muhogo," Musembi akasema.

"Wa wapi?"

Nyuma yake alikuwa amefika Katana, baba yake Sidi, ametoka mbio shambani, jembe bado mkononi. Musembi alimwona. Akasema, "Wa shamba la jirani."

Neno hilo halikuwa la uongo, na kwa sababu halikuwa la uongo lilitembea vizuri. Jioni ile lilikuwa limefika kila nyumba: mtoto wa Katana ameuawa na muhogo wa Mbeyu.

Hapo ndipo watu walipoanza kuulizana. Mihogo ya bibi yule ameila nani asife? Mbona mwenyewe aila na mjukuu wake hawafi? Kama ni uchungu, uchungu tunaujua, hakuna mtoto wa hapa angekula mchungu mbichi akashiba. Basi hakuujua kuwa mchungu. Kwa nini hakuujua? Mtu alimfumba ulimi. Na mbona mwaka wa njaa shamba lake pekee lina majani? Kila mmoja alikuwa na alichokiona kwa macho yake mwenyewe, na ukiviweka pamoja vilielekea mlango mmoja. Katika nchi ile, mvi za mtu asiye na mume wala mwana wa kiume zilitosha kuwa ushahidi wa uchawi.

Mtoto akazikwa. Hanga, yaani matanga ya Kigiriama, ikaketi nyumbani kwa Katana, siku saba, watu wakilala na kuamka hapo. Ikasemwa kuwa siku ya saba ataletwa mganga wa kutoka mbali, Mbeyu atasimamishwa mbele yake, na kitakachotokea kitatokea.

Musembi alienda hanga siku ya kwanza, akakaa pembeni na walimu wenzake, akala kilicholiwa. Katana alikuja akamshika mkono. "Ahsante, mwalimu, ulimsukuma mwanangu kwa nguvu zako zote." Musembi akaitikia kwa kichwa. Hakwenda siku ya pili.

Siku ya tatu Mwambire akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Nimesikia watoto wakisema Kadzo alikuambia."

"Aliniambia."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilimfanya kichekesho."

Mwambire akavuta mtoto wa meza, akatoa bahasha. "Hii imekuja jana. Umepata nafasi chuoni, uripoti mwezi wa tano." Hakumpa, aliishika tu. "Mwalimu, mtoto amekwisha kufa. Ukisema, hafufuki. Wewe utafukuzwa, na mimi nitaulizwa nani aliyeruhusu. Nina watoto saba."

"Na yule mama?"

"Yule mama ni mzee. Watampigia kelele, ataenda kwa ndugu zake, yataisha. Mimi nimezaliwa hapa, nimeyaona haya tangu utoto. Huisha."

"Umeyaona yakiisha?"

Mwambire akatazama bahasha. "Mengine," akasema.

Musembi alirudi darasani palipokuwa patupu, akafungua kabati, akachana karatasi ya kaki. Kiingereza chake kilikuwa cha kukokota, kama mtu anayevuta ndoo ya kisima kirefu. Akatafuta muhogo, akaupata ukurasa wa sabini na kitu. Palikuwa na mistari minne tu. Aina zilizo chungu zina sumu, zisiliwe mbichi. Katika miaka ya ukame sumu huzidi. Watoto, na walio na njaa, hudhurika upesi.

Alisoma mara tatu, si kwa kutoelewa. Siku zote alikuwa akidhani kitabu ni maneno matupu ya watu wenye viatu. Kumbe ile mistari minne haikutoka hewani. Mahali fulani, mwaka fulani wa kiangazi, mtu alimwona mtoto akiyumba kama mlevi, akamwona mwingine, akahesabu, akaandika ili asiyekuwapo ajue. Kitabu kilikuwa macho ya watu wengine, nayo yalikuwa kabatini, hatua kumi kutoka pale alipokuwa akihubiri habari za mkono.

Lakini hata hilo halikuwa lenyewe. Mtu aweza kusamehewa kutosoma. Alipofunga kitabu alichohisi ni ladha ile nyuma ya pua. Msemo wake ulisema mkono ni mwalimu, ulimi ni mwalimu. Ulimi wake ulimfundisha vizuri kabisa saa tatu ya Jumatano, na akaukatalia.

Siku ya tano Kadzo alikuja shuleni, hana sare, amejifunga leso ya bibi yake. Wengine walikuwa mapumzikoni, walipomwona wakasogea mbali naye. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kadzo. Mbona huji shule?"

"Jana wamechoma paa la jiko letu. Hawe alikuwa ndani, akatoka." Alisema kama anayesoma orodha. "Mganga yuaja kesho kutwa."

"Nimesikia."

"Mimi niliwaambia. Niliwaambia mwalimu alijua, nilimwambia. Wakasema mjukuu wa mchawi amfiche nani kama si bibi yake. Wale wengine darasani nao baba zao wamewaambia wanyamaze. Wewe ukisema watasikia."

"Nitasema, Kadzo."

"Lini?"

Kadzo alingoja kwa adabu, kama wanafunzi wanavyongoja. Kisha akashuka ngazi, akaenda zake kupitia ule mstari uliong'olewa.

Ile siku ya sita hakuna alichofanya, ila kunoa kisu kilichokuwa kikali tayari na kuandika barua kwa mkaguzi, kuichana, kuiandika tena. Kila alipofika penye neno "nikameza" kalamu ilisimama.

Siku ya saba, saa nne, alikwenda. Hanga ilikuwa imejaa. Mganga alikuwa amefika, mtu mfupi wa makamo, anakunywa maji kwenye kata bila haraka. Mbeyu alikuwa ameketishwa chini peke yake, miguu imenyooshwa, kanga imeungua upindo. Kadzo alikuwa nyuma yake. Kati yao na watu palikuwa na nafasi ya kutosha kulaza ng'ombe. Naibu wa chifu alikuwa chini ya ukuta na daftari, akitazama mbali.

Musembi hakuomba nafasi. Alisimama katika ile nafasi tupu.

"Katana, ndugu yangu, na wazee wote. Mtoto alikufa kwa mkono wangu. Muhogo ule ulikuwa mchungu, kila mtu hapa aujua, mimi sikuujua. Bibi huyu alinipa ule mstari akidhani najua. Kadzo aliniambia mbele ya darasa zima usiliwe. Nikamgeuza kichekesho. Nikawaambia watoto wale."

Ikazuka minong'ono kama majani makavu. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mkamba amelishwa nini na bibi huyu mpaka akaja kumtetea?" Mwingine akajibu, "Nyamaza, umsikie."

Katana alikuwa ameinuka. Hakukasirika. Alikuja mpaka wakawa karibu, akamuuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kuelewa njia.

"Wewe uliuonja?"

"Niliuonja."

"Kabla ya mwanangu?"

"Kabla yake."

"Ukauona mchungu?"

"Nikauona."

"Ukatema?"

"Nikameza."

"Kwa nini?"

Musembi alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, si hilo, ingawa ndilo pekee lililokuwapo.

"Nilikuwa nimekwisha sema," akajibu.

Katana akatikisa kichwa polepole. "Mwanangu amekufa kwa sababu ulikuwa umekwisha sema." Akawageukia watu, akairudia, si kwa kuwaambia wao. "Alikuwa amekwisha sema." Kisha akamrudia Musembi. "Nilikushika mkono siku ya kwanza. Nikakushukuru. Siku ya kwanza ulikuwa wapi, mwalimu? Siku ya pili? Bibi wa watu amechomewa jiko; ulikuwa wapi?"

Kijana mmoja, mjomba wa Sidi, akaja na fimbo. Fimbo moja ilimpata Musembi begani kabla wazee hawajamshika. Hakuinua mkono. Naibu wa chifu sasa alikuwa anaandika, maana jambo lilikuwa limekuwa la kuandikika. Mganga alitikisa maji yaliyobaki kwenye kata, akayamwaga, akaanza kufunga mkoba wake. Kazi yake hapo haikuwapo tena. Mbeyu aliinuliwa na Kadzo. Watu waliwapisha. Waliwapisha sana.

Kesho yake Musembi alikwenda kwa Mbeyu. Alimkuta akifunga sufuria ndani ya mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Waenda wapi?"

"Kaloleni, kwa ndugu yangu. Kama yungali hai, sijamsikia tangu mwaka jana."

"Lakini wamesikia, mama. Nimesema mbele ya wote. Hakuna wa kukugusa sasa."

Mbeyu akakaza kamba kwa meno kabla ya kujibu. "Wamesikia, ndiyo. Nawe umesema, Mungu akulipe. Leo asubuhi nimekwenda kisimani. Walikuwa wamekwisha sikia wote. Wakawavuta watoto wao nyuma nipite." Akafunga fundo la pili. "Mtu akikuogopa siku saba, ya nane haamki amesahau. Na mimi nina lawama yangu. Nilidhani wajua."

"Usijilaumu."

"Sijilaumu, mwanangu. Nakwambia ilivyokuwa."

Kadzo alitoka na jembe na ndoo. Musembi akamwambia darasa la nane ndilo la mwisho, mtihani ni Novemba, Kaloleni kuna shule nzuri za misheni, asiache, atamwandikia barua ya kumpeleka. Msichana alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa.

"Ndiyo, mwalimu," akasema.

"Utakwenda?"

"Ndiyo, mwalimu."

Angemwambia aruke kisimani angejibu vivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo. Akabeba ndoo kichwani, akatangulia.

Barua ya kumwachisha kazi ilifika Alhamisi ya wiki iliyofuata. Ilikuwa fupi, na nafasi ya chuoni ilikuwa imefutwa ndani yake kwa mstari mmoja. Mwambire alimpa bila kumtazama. "Ungeweza kuondoka hata sasa," akamwambia. "Kipindi cha mwisho ni cha nani?" Musembi akauliza. "Ni chako, lakini..." Musembi alikuwa amekwisha chukua chaki.

Darasa la nane lilikuwa na wanafunzi ishirini na wanne. Walisimama, wakamwamkia, wakakaa. Dawati la dirishani lilikuwa tupu, na nafasi ya Kadzo vilevile. Hawakumtazama kwa chuki. Nyuso zao hazikuonyesha chochote. Alitaka kuwaambia mambo. Alitaka kuwaambia kwamba mkono ni mwalimu lakini si mkono mmoja, kwamba alichokiona yeye Kitui si alichokiona bibi Kwa Kitsao, kwamba mtu akikuambia "nimeona kwa macho yangu" mwulize aliona wapi. Yote yalikuwa ya kweli, na yangetoka kinywani mwake wao wakayaandika bila kuuliza. Akageuka ubaoni, akaandika kwa herufi kubwa:

MNAZI HUGEMWA MZIZINI.

Akarudi pembeni, akangoja.

Hapana mtoto pwani asiyejua kuwa mgema hupanda juu, huko kwenye kilele, na kibuyu chake kiunoni. Wengine hapo baba zao walikuwa wamevunjika miguu kwa kuanguka kutoka huko juu. Kalamu zikaanza kukwaruza. Alisikiliza jinsi zilivyokwaruza, safu kwa safu, mpaka ya nyuma ikamaliza.

"Hakuna mwenye neno?"

Hakuna.

"Fondo. Simama. Baba yako hufanya kazi gani?"

"Ni mgema, mwalimu."

"Hugema wapi?"

Fondo akamtazama mwalimu. Akatazama ubao. Unaweza kuona mtu anapochagua. Shingo hukaza kidogo.

"Mzizini, mwalimu."

Nje upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi la ule mstari wa mpakani, na vijiti walivyong'oa siku ile vilikuwa bado vimelala kando ya njia, hakuna aliyevipanda. Musembi akamwambia Fondo akae. Akachukua kitambaa, akafuta ubao, akafuta na kona, akafuta mpaka hakuna kilichobaki ila weupe wa chaki kuukuu.

Kutoka safu ya nyuma sauti ikauliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, tufute na sisi?"